Sio korona peke yake iliyoiangusha Sri Lanka

Kuna hii kauli naisikia sana, eti Sri Lanka ilifilisika 2022 sababu ya korona basi. Jamani hapana. Korona ilipiga dunia nzima, mbona Bangladesh pale jirani haikushindwa kulipa madeni?

Rudi nyuma kidogo. Oktoba 2018 rais alimfukuza waziri mkuu, nchi ikakaa kama wiki saba watu wawili wanagombania kiti kimoja, Aprili 2019 mabomu ya Pasaka yakafukuza watalii, alafu mwisho wa mwaka serikali mpya ikaja kushusha VAT kutoka 15% hadi 8%. Korona inafika 2020 hazina ishatoboka! Watalii walikuwa milioni 2.3 mwaka 2018, 2021 hawakufika hata laki mbili.

Hapa ndo wengi wanapokosea, wanayahesabu haya matatizo moja moja wakati yenyewe yanalishana. Kodi haiingii, watalii hawaji, wakopeshaji wa nje wameogopa, kwa hiyo serikali inalipa madeni kwa akiba ya dola mpaka dola zenyewe zinakauka, na katikati ya hayo 2021 wakapiga marufuku mbolea ya viwandani, mavuno yakaanguka. Aprili 2022 wakatangaza hawawezi kulipa, Julai rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi.

Kinachoniuma zaidi ni dawa. Bila dola hazikuagizwa, na mwaka 2022 hospitali zilifika mahali pa kuahirisha upasuaji, yani korona ilikuwa imepungua ila wagonjwa bado waliteseka, safari hii kwa maamuzi ya wanasiasa.