Umbo peke yake si gari: dhana potofu kuhusu modi za gemu za mbio

Gemu za mbio za aina ya simulesheni, zile zinazokokotoa tairi, springi na upepo kila nukta ya sekunde, huishi miaka mingi kwa sababu ya modi: magari na njia za mbio zinazotengenezwa na mashabiki wenyewe. Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni, studio ya Kiitaliano yenye ofisi kwenye uwanja wa Vallelunga karibu na Roma, ilitoka rasmi Desemba 2014, na hadi leo watu wanaiongezea magari. Mifano ya hapa chini ni ya gemu hiyo, kwa kuwa makosa yanayoweza kufanyika ndani yake yanajulikana vizuri. Karibu kila anayeanza hudhani kazi ni kuchora gari. Kuchora ndiko kunakoonekana. Kinachokula miezi ni namba na majina.

Dhana: Ukishapata umbo la gari, nusu ya kazi imekwisha

Maumbo ya 3D yanayouzwa mtandaoni, ambayo husukwa kwa pembetatu ndogondogo, mengi yametengenezwa kwa ajili ya picha za matangazo. Moja laweza kuwa na pembetatu zaidi ya milioni moja, milango imeshikana na bodi, chini ya gari hakuna kitu, na dashibodi ni ubao tu. Hata ukilipunguza hadi pembetatu 300,000, magari 24 yakijipanga kwenye mstari wa kuanzia ni pembetatu milioni 7.2, na hapo miti na majukwaa ya watazamaji bado. Vioo vya nyuma na vivuli navyo huifanya gemu ichore upya. Ndiyo maana gari moja huwa na matoleo kadhaa ya umbo, zito la karibu hadi jepesi la mbali, na faili la lods.ini huiambia gemu toleo lipi lionekane kuanzia mita ngapi. Toleo la mbali kabisa halihitaji hata usukani. Wengi hulipuuza hili kwa sababu hujaribu gari lao likiwa peke yake uwanjani, na likiwa peke yake kila gari ni jepesi.

Picha zinazovalishwa umbo ni mzigo mwingine. Moja ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula MB 64 za kumbukumbu ya kadi ya picha. Ikibanwa kwa DXT5, njia mojawapo ya kubana picha, inashuka hadi 16, na kwa njia ya DXT1 hadi 8. Kitambaa cha kiti hakistahili MB 64.

Kisha yanakuja majina. Gemu haijui gurudumu. Inajua kitu kinachoitwa WHEEL_LF, pamoja na WHEEL_RF, WHEEL_LR na WHEEL_RR. Ukiandika WHEEL_FL, gurudumu hilo litaganda huku gari likienda. Jina likiwa sahihi lakini kitovu cha kitu hakijakaa katikati kabisa, gurudumu litayumba kama gari lililokufa beringi. Usukani ni STEER_HR, ndani ya gari ni COCKPIT_HR, mshale wa mizunguko ya injini ni ARROW_RPM. Ukikosea herufi, usitarajie onyo. Kitu hakitafanya kazi, basi.

Vipimo navyo vina mtego. Gemu inasoma mita, na gari linalotoka Blender (programu ya kuchora 3D) kwenda faili la FBX la kulihamishia kwenye gemu, bila skeli (kizidisho cha ukubwa) ya kila kitu kurudishwa kwenye 1 laweza kufika likiwa kubwa au dogo mara 100. Hilo utaliona mara moja. La hatari ni gari lililozidi kwa asilimia 3, kwani jicho halilikamati. Pima umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha ulinganishe na WHEELBASE kwenye suspensions.ini, faili la fizikia la springi na ekseli. Kwa gari la mita 2.60, asilimia 3 ni karibu sentimita 8, na kwa kuwa magurudumu hukaa pale fizikia inapoyaweka, yataonekana yamesogea ndani ya matao yake.

Dhana: Andika namba za kiwandani, gari litatembea kama la kweli

Hapa ndipo modi nyingi zinapofia, na zinafia mikononi mwa watu wenye namba sahihi.

Anza na injini. Kitabu cha gari kinasema kilowati 110 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya hapo ni 9,549 (namba ya kubadilishia vipimo) mara 110, gawanya kwa 6,000: Nm 175. Ukiandika 6000|175 kwenye power.lut, faili la nguvu ya injini, umelipatia gari nguvu ambayo halina, kwa sababu faili hilo linataka torki iliyokwisha kupunguzwa kile kinacholiwa na giaboksi na difu njiani. Toa asilimia 13 hivi kwa gari linalosukumwa na magurudumu mawili, unapata 152. Grafu anayoiona mchezaji kwenye menyu inatoka faili jingine, ui_car.json, ambalo fizikia hailisomi kabisa. Unaweza kuandika humo nguvu za farasi 900 na gari likabaki lilelile.

Uzito pia. TOTALMASS, namba ya uzito ambayo gemu inaisoma, ni gari pamoja na dereva, bila mafuta. Uzito wa vitabuni mara nyingi una mafuta ndani yake, na tangi la lita 50 ni kama kg 37. Asiyeyatoa anayabeba mara mbili.

Lakini mtego mkubwa ni springi. Tuseme springi ya mbele ina ugumu wa N/mm 60. SPRING_RATE, namba ya springi kwenye suspensions.ini, haitaki ugumu wa springi yenyewe. Inataka ugumu unaohisiwa kwenye gurudumu, kwa N/m. Kama gurudumu likipanda mm 10 springi inabanwa mm 7, uwiano ni 0.7, na uwiano huo unazidishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu springi inabanwa kidogo kuliko gurudumu linavyopanda, mara ya pili kwa sababu nguvu inayorudi kwenye gurudumu nayo inapungua kwa kiwango hichohicho. 60 mara 0.49 ni N/mm 29.4, kwa hiyo unaandika 29400. Aliyeandika 60000 amefunga springi ngumu mara mbili ya ile iliyo kwenye gari, huku akiapa kwamba namba ameitoa kiwandani. Na kweli ameitoa kiwandani.

Unaweza kujihakiki kabla ya kuwasha gemu. Gari la kg 1,200 lenye asilimia 55 ya uzito mbele linaweka kg 330 juu ya kila gurudumu la mbele. Toa kg 35 za gurudumu, breki na vinavyoning'inia navyo, zinabaki 295. Gawanya 29,400 kwa 295, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa 6.28 (mara mbili ya pai). Jibu ni 1.6: gari linapanda na kushuka mara 1.6 kwa sekunde. Gari la kawaida la barabarani huwa kati ya 1 na 1.5, kwa hiyo 1.6 ni la mtu anayependa kona. Ukitumia 60,000 unapata 2.3, na hapo umeingia kwenye magari ya mbio. Gari la familia likikupa 2.3, rudi kwenye hesabu, usiguse shokapu kwanza.

Dhana: Gari likiteleza, ongeza ushikaji wa tairi

Hii ndiyo dawa ya haraka na ndiyo inayoficha ugonjwa. Gari la barabarani lenye matairi ya kawaida, likizunguka duara kwenye eneo tambarare, hushika kati ya g 0.8 na 0.95 (g 1 ni sawa na mvutano wa dunia). Kama lako linafika 1.3, umelivalisha matairi ya mashindano, hata kama picha ya tairi ina kashata za barabarani.

Kabla ya kugusa DX_REF na DY_REF, namba za ushikaji wenyewe, angalia LS_EXPX na LS_EXPY, zinazosema ushikaji unabadilikaje uzito ukiongezeka. Tairi likiongezewa uzito mara mbili, ushikaji wake hauongezeki mara mbili. Kwa thamani ya 0.85 unaongezeka mara 1.8 tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya tairi la nje kwenye kona lilemewe, na ndiyo inayoipa kazi fimbo ya kuzuia gari kulala. Ukiweka 1 ili gari "litulie", dereva atabadilisha fimbo hiyo siku nzima asione tofauti ya maana.

Vipimo vya tairi, angalau, ni hesabu ya darasani. Kwa 195/65R15, ukuta wa tairi ni 195 mara 0.65, yaani mm 126.75. Nusu ya rimu ya inchi 15 ni mm 190.5. Jumla ni mm 317, na RADIUS inakuwa 0.317.

Dhana: Picha za setilaiti zinatosha kujenga njia ya mbio

Picha inakuonyesha kona iko wapi. Haisemi imelala kwa nyuzi ngapi wala lami imebonyea wapi. Wanaojenga viwanja vya Uingereza wana bahati: Environment Agency, wakala wa mazingira wa huko, inatoa bure data ya mwinuko iliyopimwa kwa leza kutoka angani, sehemu kubwa ikiwa na nukta moja kila mita. Kwa Afrika Mashariki data ya bure iliyo rahisi kupata ni ya SRTM, ramani ya mwinuko wa dunia iliyopimwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Ndani ya mita 30 daraja, mtaro na tuta vinakaa bila data kuwa na habari. Anayetaka kipande cha Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, atapata milima kwa data hiyo. Barabara yenyewe ataijenga kwa jicho, kwa kutazama video zilizopigwa ndani ya magari. Na ule mchanga wa Kedong unaochimbika zaidi kila gari linapopita, asahau. Assetto Corsa haina udongo unaochimbika. Eneo lina FRICTION moja, yaani namba ya ushikaji wa ardhi, pamoja na SIN_HEIGHT na SIN_LENGTH za kuigiza mawimbi ya ardhi.

Hata data ikiwa nzuri, wavu wa barabara, yaani umbo lake la pembetatu, unaweza kuiharibu. Fizikia ya gemu hii hukokotolewa mara 333 kwa sekunde, na kwa mwendo wa km 200 kwa saa gari linasogea sentimita 17 tu kati ya hesabu moja na nyingine. Kila mshono linauhisi. Barabara iliyounganishwa kwa vipande bapa vya mita 5 inaligonga gari mara 11 kwa sekunde kwa mwendo huo, jirani kabisa na kasi ambayo gurudumu lenyewe hupenda kurukaruka, na usukani unatetemeka kama uko juu ya rasta. Dawa yake ni kutenganisha: wavu unaoonekana ubaki mwepesi, na papo hapo uweke mwingine usioonekana, wa vipande vya mita 1 au chini ya hapo, wa kukanyagwa na matairi. Ugawe vipandevipande, maana kitu kimoja hakiruhusiwi kuzidi vipeo (ncha za pembetatu) 65,535.

Huo wavu wa kukanyagwa lazima jina lake lianze na namba, kisha neno lililo kwenye surfaces.ini: 1ROAD, 1GRASS, 1WALL. Ukisahau namba, barabara inabaki picha na gari linazama chini ya dunia. Linazama vilevile kama nyuso za wavu zimegeukia chini. Na AC_START_0, alama ya mahali gari linapoanzia, iliyotoka Blender bila mihimili kugeuzwa humwanzisha dereva pua ikitazama mawingu.

Dhana: Jina la folda ni jina tu

Ufunguo wa kufungulia data.acd, pakiti yenye fizikia yote ya gari, hutokana na jina la folda ya gari hilo. Badilisha jina na pakiti haifunguki. Sauti nayo inakatika, kwa kuwa njia za matukio ya sauti zilizoorodheshwa kwenye GUIDs.txt zimebeba jina lilelile la zamani. Sauti zenyewe hutengenezwa kwa programu ya FMOD Studio 1.08.12, toleo la zamani. Ukitumia jipya utapata gari bubu. Mtandaoni, seva hulinganisha data.acd yako na ya kwake, na zikitofautiana unatolewa.

Dhana: Modi ya bure haina kosa kisheria

Bei haihusiki. Umbo lililochomolewa ndani ya gemu kama Forza au Gran Turismo ni mali ya waliolichora, na kuandika "shukrani kwa" si ruhusa. Nembo ni jambo jingine tena: kampuni ya gemu ya Electronic Arts ilishikilia haki ya kipekee ya kuweka Porsche kwenye gemu hadi mwishoni mwa 2016, na studio nyingine zikawa zinaweka badala yake magari ya RUF, kampuni inayojenga magari yake kwa msingi wa Porsche. Hifadhi faili la Blender la kila hatua na ruhusa zote kwa maandishi. Njia safi ina faida zake: kundi la Kisweden lililotengeneza modi ya GT kwa ajili ya gemu ya F1 2002 ndilo lililogeuka kuwa studio ya SimBin.

Dhana: Magari ya kompyuta yatajiendesha yenyewe

Yanafuata mstari ulioendeshwa na mtu na kurekodiwa kwenye fast_lane.ai. Ukisogeza barabara hata kona moja, rekodi upya. Idadi ya AC_START na AC_PIT (alama za maegesho ya pit) ilingane, na "pitboxes" kwenye ui_track.json iseme namba hiyohiyo. Kwa upande wa gari, malalamiko ya kawaida ni kwamba linapiga kelele kwenye gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho wa mstari ulionyooka. Fungua ai.ini: mara nyingi UP, mizunguko ya kupandishia gia, imeandikwa 7400 wakati LIMITER ya engine.ini, kikomo cha mizunguko ya injini, ni 7200, kwa hiyo mizunguko ya kubadilishia gia haifikiwi kamwe. Shusha UP iwe chini ya LIMITER kwa 200 au 300. Kisha angalia DOWN, ya kushushia gia, isikaribie mizunguko ambayo injini huangukia baada ya kupanda gia, la sivyo gari litapanda na kushuka gia bila kukoma mpaka kona inayofuata.