Reli ni ile inayolala

Mwezi huu nimesikia watu watatu wakisema "nimeweka reli ya ngazi", na kila mmoja alikuwa na kitu chake. Wa kwanza alikuwa na mti mmoja uliopigiliwa ukutani. Wa pili alikuwa na nguzo, vijiti vilivyokerezwa na kila kitu kutoka chini hadi darini. Wa tatu alikuwa na nguzo mbili na kamba ya katani. Wote ni watu wa hapa Lamu, wote wanajenga, na wote wameingia mapatano na fundi kwa neno hilo hilo moja.

Maana kwanza. Reli ya ngazi ni ule mti mrefu unaolala kufuata mteremko wa ngazi, ambao mkono unateleza juu yake mtu akipanda na kushuka. Vinavyosimama chini yake ni vijiti. Miti minene ya mwanzo, ya mwisho na ya kwenye kona ni nguzo. Vyote kwa pamoja ni ukingo, neno linalotokana na kukinga, na kazi yake ni hiyo.

Kilichotuchanganya, naona mimi, ni treni. Njia ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Kisumu 1901, na reli ni neno tulilolizoea kwa njia hiyo. Treni haikufika Lamu wala Malindi, lakini neno lilifika. Mtu akisema "reli" tukawa tunaona njia nzima akilini: vyuma, kokoto, magogo ya chini na yote. Lakini hata huko kwenye njia ya treni, reli ni vile vyuma viwili vinavyolala kwa urefu, basi. Vile vya kukingama chini yake vina jina lake, mataruma, na jina hilo ni la baharini: taruma ni ubavu wa chombo, na mtu wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, hahitaji kufundishwa taruma ni nini.

Tena neno lenyewe ni la mti kabla halijawa la chuma. Waingereza waliita hivyo miti ya kulaza kwenye uzio karne nyingi kabla ya treni, na reli zao za mwanzo za kuvutia makaa migodini, miaka ya 1600, zilikuwa za mbao. Wao nao walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwenye Kilatini, regula, yaani kijiti kilichonyooka cha kupimia au kupigia mstari. Rula ya mtoto wa shule imetoka kwenye regula hiyo hiyo. Reli na rula ni ndugu wa tumbo moja. Weka rula juu ya meza uitazame: ni kitu kimoja, kimenyooka, kimelala. Katika safari yote hiyo sijaona mahali ambapo neno hili lilikuwa na maana ya kitu kinachosimama.

Na sisi si watu wa kukosa majina ya miti. Tazama kitanda cha kamba. Mguu ni tendegu. Mti wa ubavuni, unaolala kwa urefu, ni mfumbati. Wa kichwani na wa miguuni, unaolala kwa upana, ni kitakizo. Mtu mzima akikutuma kwa fundi ukamletee mfumbati, ukarudi na matendegu, utarudishwa njia ile ile. Waliotupa maneno hayo walijua kwamba kinacholala na kinachosimama vina kazi mbili tofauti. Ngazi zetu hazikupata utajiri huo kwa sababu ngazi nyingi za nyumba za kale zilijengwa za mawe, zimebanwa kati ya kuta mbili nene, na mkono ulishika chokaa. Ukingo haukuhitajika. Sasa tunajenga ngazi zilizo wazi upande mmoja, hasa za kupandia juu, chini ya paa la makuti, na tumezijia na neno moja tu.

Mimi nililipia kosa hili. Nilimwambia fundi nataka reli ya mwarobaini kwenye ngazi ya nyumba ya mama, Langoni. Alileta reli nzuri mno, imepigwa msasa mpaka kiganja kinateleza, juu ya nguzo tatu zilizonyooka kama timazi. Mama aliitazama, akauliza, "Na huyu mtoto?" Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka miwili. Alitoka chumbani, akapita chini ya reli bila kuinamisha kichwa, akasimama pembeni mwa kidato, pale pa kukanyagia, akitazama chini. Mama alimdaka kwa kanzu. Jioni ile alifunga wavu mkuukuu wa samaki kati ya nguzo na nguzo, na wavu ukakaa pale mpaka nilipopata pesa za vijiti. Fundi nilipomwendea alinijibu kwa upole: "Uliniambia reli, na reli nimekuletea." Alikuwa sahihi. Makosa yalikuwa ya ulimi wangu.

Na pesa ziko kwenye vijiti. Uingereza kanuni za ujenzi wa nyumba zinataka mwanya wa kijiti na kijiti usipitishe tufe la sentimita 10, kwa ajili ya kichwa cha mtoto, na ni kipimo kizuri kukichukua hata hapa. Kidato cha sentimita 25 na vijiti vya unene wa sentimita 4 vinakupa vijiti viwili kila kidato, mwanya wa sentimita nane na nusu. Ngazi ya vidato 12 ni vijiti 24. Kila kimoja kinakerezwa, kinakatwa kichwa kwa mshazari wa ngazi ili kikae wima huku reli imeinama, kinachongwa ulimi, kinatobolewa tundu lake. Reli ni kazi ya siku moja ukilinganisha na hayo. Ndiyo maana mafundi wawili wakiulizwa "reli shilingi ngapi" bei zao zinapishana kama mbingu na ardhi, na mwenye nyumba akadhani mmoja ni mwizi.

Wengine huviita vijiti hivyo "nakshi". Nakshi ni mapambo ya kuchongwa usoni mwa mbao, kama ya milangoni. Kijiti kilichozungushwa kwenye keezo, chombo cha kuzungushia mti huku ukichongwa, kimekerezwa, na fundi wa nakshi huenda hana keezo kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukienda kwa fundi mwambie unataka ukingo, kisha mtajie: reli moja, nguzo kadhaa, vijiti kadhaa, mwanya kiasi gani, na skrubu za shaba, maana misumari ya kawaida hewa ya chumvi itaila na kuchirizisha kutu kwenye mbao. Yeye akiendelea kuuita mzigo wote "reli", mwache aseme. Hakikisha tu idadi ya vijiti imeandikwa kwenye karatasi yake.