Spredi ya kikapu: Mmarekani anamaanisha nini, Mwingereza anamaanisha nini

"Spredi ni handikapu tu, Wamarekani ndio wanaiita hivyo." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza na kukesha na NBA. Inasemwa kwa uhakika, mara nyingi na mtu anayejua kikapu vizuri, akimwelekeza mwenzake aliyezoea kubeti soka. Nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki inaweza kumtoa mtu zaidi ya pauni mia mbili mahali alipodhani ameweka pauni kumi.

Kwanza maana, kwa haraka. Kubeti kikapu kwa mtindo wa Marekani kumesimama juu ya mambo matatu. Manilaini ni kubashiri nani atashinda, basi. Kampuni za Uingereza huandika tu mshindi wa mechi. Totali ni jumla ya pointi za timu zote mbili, ile ile ova na anda (itazidi au haitafika namba iliyotajwa) tunayoijua kwenye mabao. Spredi ni pointi ambazo timu yenye nguvu inakatwa, au dhaifu inaongezewa, kabla matokeo hayajahesabiwa; ndiyo Mwingereza anayoiita handikapu. Ukiona Celtics −6.5, lazima washinde kwa pointi 7 au zaidi. Aliyechukua Lakers +6.5 anaweza kuona timu yake ikifungwa kwa pointi 6 na mkeka wake ukapita. Ile nusu ipo ili pasiwe na sare. Namba ikiwa kamili, tuseme 6, na Celtics wakashinda kwa 6 hasa, dau linarudishwa: Mmarekani anasema "push", Mwingereza anasema "void".

Kuhusu odi, yaani kiwango cha malipo ya dau, −110 ya Marekani ni 10/11 ya Uingereza na ni 1.91 ya desimali. Zote zinasema uweke 110 upate faida ya 100. Pande zote mbili za handikapu zikiuzwa kwa 10/11, kila upande unabeba uwezekano wa asilimia 52.4, na jumla inakuwa 104.8. Hizo 4.8 zilizozidi mia ndiyo riziki ya kampuni. Mmarekani anaziita "vig" au "juice". Vig ni kifupi cha "vigorish", neno lililopita kwenye Kiyidi likitoka kwenye neno la Kirusi la pato la mchezo. Mwingereza anaziita "overround".

Jambo moja dogo zaidi linalowakwaza wengi: Mmarekani hutaja mgeni kwanza. "Lakers at Celtics" ina maana mechi iko Boston, nyumbani kwa Celtics. Mwingereza aliyekulia kwenye soka hutaja mwenyeji kwanza, na akisoma ratiba ya NBA kwa macho ya soka atampa faida ya nyumbani asiyestahili.

Sasa neno lenyewe.

Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa spredi ya pointi ni Charles McNeil, mtu aliyewahi kufundisha hisabati kabla ya kuingia kwenye biashara ya kupokea madau mjini Chicago miaka ya 1940. Tatizo lililokuwapo ni rahisi kulielewa. Timu kubwa ikikutana na dhaifu, odi zinakuwa mbaya kiasi kwamba hakuna anayetaka upande wowote: huku unaweka fedha nyingi kupata chembe, kule unatupa. Kwa spredi swali likabadilika, likawa si nani atashinda bali atashinda kwa pointi ngapi. Ghafla mechi ya upande mmoja ikawa na pande mbili zenye mvuto unaokaribiana. Kikapu kiliufaa sana mtindo huu kwa sababu pointi ni nyingi na tofauti ya mwisho inaweza kuwa namba yoyote, tofauti na soka ambako bao moja linaamua kila kitu.

Ulikuja pia na ugonjwa wake. Mchezaji ambaye asingekubali kuuza mechi sasa angeweza kushawishiwa auze pointi tu: shindeni, lakini msishinde kwa nyingi. Mwaka 1950 chuo cha City College cha New York kilitwaa mataji mawili makubwa ya kikapu cha vyuo vya Marekani, NCAA na NIT, katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna chuo kingine kimewahi kulifanya. Mwaka 1951 wachezaji wa kikosi hicho walikamatwa kwa kupokea fedha ili tofauti ya pointi ifuate matakwa ya wacheza kamari, na uchunguzi ukavikuta na vyuo vingine, Kentucky na Bradley vikiwemo. Unaposoma habari za kashfa ile, neno "spread" limejaa kila ukurasa. Ndivyo lilivyozama katika Kiingereza cha Marekani: spredi ni umbali kati ya timu mbili.

Mwingereza hakulihitaji neno hilo, kwa sababu alikuwa na lake la zamani zaidi. "Handicap" limetokana na "hand in cap", mkono ndani ya kofia. Ulikuwa mchezo wa kubadilishana vitu. Wawili wanatoa vitu vyenye thamani tofauti, mwamuzi anataja nyongeza ambayo mwenye kitu duni alipe ili biashara iwe sawa, nao wanatia mikono kofiani na kuitoa kuonyesha kama wamekubali. Samuel Pepys aliutaja kwenye shajara yake Septemba 1660, akisema hakuwa ameujua kabla. Karne iliyofuata wazo lile likahamia kwenye mbio za farasi: mwamuzi anampa farasi bora uzito zaidi wa kubeba ili wote wawe na nafasi. Kwa hiyo kikapu cha Marekani kilipoingia kwenye maduka ya kamari ya Uingereza kilikuta neno linalongoja, na Celtics −6.5 ikaandikwa chini ya handikapu bila mtu yeyote kusumbuka.

Mpaka hapa yule anayesema spredi ni handikapu yuko sahihi, na ningemwacha aendelee. Shida ni kwamba nchini Uingereza neno "spread" halikubaki wazi. Lina mwenyewe.

Mwaka 1974 Stuart Wheeler alianzisha kampuni ya IG Index mjini London, na herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno yanayomaanisha dhahabu ya wawekezaji. Wakati huo sheria za fedha za kigeni zilimfanya Mwingereza wa kawaida apate shida kununua dhahabu. Wheeler akampa njia ya pembeni: usinunue dhahabu, beti juu ya bei yake. Kampuni inataja bei mbili, ya chini ambayo unaweza kuuza na ya juu ambayo unaweza kununua. Unachagua upande, unataja pauni ngapi kwa kila hatua ya bei, na unalipwa au unalipa kulingana na umbali ambao bei imesafiri. Ule mwanya kati ya bei ya kuuza na ya kununua ndio unaoitwa "spread", neno la wafanyabiashara wa hisa. Mwaka 1992 ikaja Sporting Index, iliyojenga jina lake kwa kuupeleka mtindo huo michezoni. Hapo ndipo "spread betting" ikawa jina la aina nzima ya kubeti nchini Uingereza.

Kwa hiyo yapo mapengo mawili chini ya neno moja. Spredi ya Mmarekani ni pengo kati ya timu na timu. Spredi ya Mwingereza ni pengo kati ya bei na bei.

Tuichukue mechi ile ile ya Celtics na Lakers. Duka la kawaida linakupa Celtics −6.5 kwa 10/11, unaweka pauni 10. Kampuni ya spread betting inakupa ubora wa Celtics, yaani pointi watakazowazidi Lakers, kwa 6–7.5, na wewe unanunua kwa 7.5, pauni 10 kwa pointi. Celtics wakishinda kwa 7, mwenye handikapu anapata faida ya pauni 9 na senti chache, huku mnunuzi wa spredi anapoteza pauni 5, maana 7 haikufika 7.5. Wakishinda kwa 20, mwenye handikapu anapata zile zile pauni 9, mnunuzi anapata 125. Celtics wakifungwa kwa 15, mwenye handikapu amepoteza pauni 10 na habari imeisha. Mnunuzi anahesabiwa kutoka 7.5 juu ya sifuri mpaka 15 chini yake: pointi 22.5, pauni 225.

Wote wawili wangeweza kumwambia rafiki yao, "nimeweka kumi kwenye spredi ya Celtics." Maneno ni yale yale, na ndiyo maana silioni hili kuwa suala la ufasaha tu. Katika handikapu dau lako ndilo kikomo cha hasara yako. Katika spread betting ile kumi si dau, ni bei ya kila pointi, na hasara inaenda mbali kadiri mchezo unavyokwenda. Zipo kampuni zinazokuruhusu kuweka kikomo mapema, lakini kikomo hicho ni kitu unachokiomba, hakiji na dau lenyewe.

Mchezo wenyewe unaweza kwenda mbali sana. Machi 2011 NBA ilileta London mechi zake za kwanza za msimu wa kawaida kuchezwa Ulaya, Toronto Raptors na New Jersey Nets, katika ukumbi wa O2. Mechi ya pili, ya tarehe 5, ilikwenda vipindi vitatu vya nyongeza na Nets wakashinda 137–136. Jumla ni pointi 273. Tuseme kwa mfano tu kwamba jumla ilikuwa imetajwa 205–209, na dakika za nyongeza zinahesabiwa. Mtu aliyeuza kwa 205, pauni 5 kwa pointi, akiamini utakuwa usiku wa ulinzi mkali, angedaiwa pauni 340. Aliyechukua anda dukani kwa pauni 5 angepoteza pauni 5.

Mechi ile inafundisha na jambo jingine, na hapa Mwingereza wa soka hukosea peke yake bila kusaidiwa na Mmarekani. Katika soka dau huisha dakika ya 90. Katika kikapu, handikapu na totali za kawaida huhesabu dakika za nyongeza, isipokuwa kampuni iseme vinginevyo. Lakini ukiona mshindi wa mechi akiuzwa kwa njia tatu, mwenyeji, sare na mgeni, basi hesabu inafungwa mwisho wa robo ya nne, dakika ya 48 kwa NBA. Aliyewabeti Nets kwa njia tatu usiku ule angeondoka mikono mitupu ingawa timu yake ilishinda, kwa sababu robo nne ziliisha kwa sare.

Sheria pia imeyatenganisha mambo haya mawili tangu zamani. Handikapu, manilaini na totali za kawaida ziko chini ya Gambling Commission, tume ya kamari yenye makao yake Birmingham. Spread betting, hata ya kikapu, iko chini ya FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa masoko ya fedha, kwa sababu kisheria inahesabiwa karibu na biashara ya hisa kuliko na mkeka. Tangu sheria ya mwaka 1845 deni la kamari halikuweza kudaiwa mahakamani Uingereza. Mchukua madau aliyedhulumiwa alibaki na aibu ya mdaiwa tu. Kwa spread betting mlango wa mahakama ulifunguliwa na sheria ya huduma za fedha ya mwaka 1986, miongo miwili kabla ya madau ya kawaida kuruhusiwa kudaiwa kuanzia Septemba 2007.

Basi ukiwa Uingereza na una maana ya pointi anazokatwa mwenye nguvu, sema handikapu. Neno lipo kwenye kila programu na kila duka, na litampeleka unayemwelekeza mahali ulipokusudia. Ukimsikia mchambuzi wa Marekani akisema "spread", tafsiri kimoyomoyo uendelee kumsikiliza, maana kwake neno ni sahihi kabisa. Na ukifika kwenye ukurasa unaotaja namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, halafu ukaulizwa pauni ngapi kwa pointi badala ya dau kiasi gani, ujue hiyo siyo ile spredi aliyoitaja mchambuzi.