Matumizi yenye uwajibikaji ya intaneti na vifaa vya shule: maana yake nini?

Mwanafunzi anapokabidhiwa kishikwambi au akaunti ya kuingilia kwenye kompyuta za shule, mara nyingi hupewa pia karatasi ya kusaini, na mzazi au mlezi husaini chini yake. Shule nyingine huiita sera ya matumizi yanayokubalika, nyingine mkataba wa matumizi ya intaneti. Wengi huisaini bila kuisoma, na matokeo yake matumizi yenye uwajibikaji hueleweka kama orodha ya makatazo tu: usifungue hiki, usipakue kile.

Dhana yenyewe ni pana zaidi. Ni kutumia kifaa na mtandao wa shule kwa kazi vilivyowekewa, ukikumbuka kwamba wengine nao wanavitegemea, na ukiwa tayari kueleza ulichofanya pale utakapoulizwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Asiyefungua tovuti kwa sababu tu imefungwa hajawajibika bado, amezuiwa.

Chukua kasi ya mtandao. Video yenye picha ya ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Kama laini ya shule inabeba megabiti 50, wanafunzi kumi wakitazama video kwa pamoja wameshaimaliza yote, na darasa jingine linalofanya jaribio mtandaoni linabaki likitazama ukurasa usiofunguka. Video hizo huenda hazina ubaya wowote. Katazo la kutazama filamu au kupakua michezo saa za masomo mara nyingi linatokana na hesabu hii, na naamini wanafunzi wangelikubali kwa urahisi zaidi kama wangeonyeshwa hesabu yenyewe badala ya kukaripiwa.

Kinachowaponza wengi, hata wale wenye nidhamu, ni akaunti. Kengele inalia kwenye chumba cha kompyuta, mwanafunzi anafunga dirisha la kivinjari, anabeba madaftari yake na kuondoka. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Anayeketi baada yake anafungua kivinjari kilekile na kukuta barua pepe ya mwenzake iko wazi, pamoja na mafaili yake na kazi ambayo hajaikusanya. Akimwandikia mwalimu tusi kutoka hapo, kumbukumbu za seva (kompyuta kuu ya mtandao) zitaonyesha jina la mwenye akaunti, tarehe, saa na kompyuta iliyotumika. Seva haina namna ya kujua ni nani aliyekuwa kwenye kiti. Mwenye akaunti ataitwa ofisini kujieleza kuhusu maneno ambayo hakuyaandika, na kuthibitisha hilo ni kazi ngumu. Kumpa rafiki nenosiri lako kunakuweka katika hatari hiyohiyo, tena kwa hiari yako. Na aliyekuta akaunti ya mwenzake iko wazi, hata kama hakuandika lolote, ana wajibu mmoja tu: kubofya kitufe cha kutoka kwenye akaunti hiyo kabla ya kuingia kwenye yake. Kusoma “kidogo tu” ni kuingilia faragha ya mtu.

Tukigusa faragha, kuna imani moja inayohitaji kusahihishwa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba dirisha la faragha la kivinjari linawaficha. Linachofanya ni kutohifadhi historia kwenye kifaa chenyewe. Maombi yote ya kufungua kurasa bado yanapita kwenye mtandao wa shule, na huko yanaweza kuandikwa. Kwa kuwa tovuti nyingi sasa hutumia usimbaji wa https, unaoficha yaliyomo kwa msimbo, kwa kawaida mtandao huona jina la tovuti uliyotembelea, lakini hauoni ulichosoma au kuandika humo ndani. Hali hubadilika kifaa kikiwa ni mali ya shule na kimewekewa programu ya ufuatiliaji: hapo hata maneno uliyotafuta yanaweza kuonekana. Kwa hiyo mambo ya siri, kama ugonjwa au ugomvi wa nyumbani, usiyaandike kwenye kifaa cha shule ukitarajia yabaki yako peke yako.

Vichujio, yaani programu za kuzuia tovuti zisizofaa, navyo vina historia yake. Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda watoto kwenye intaneti mwaka 2000, ikizitaka shule na maktaba zinazopata ruzuku fulani ya huduma ya intaneti ziweke teknolojia ya kuzuia picha chafu na zinazodhuru watoto. Mwaka 2008 iliongezwa sheria nyingine: shule hizo ziwafundishe pia wanafunzi mwenendo unaofaa mtandaoni, ikiwemo namna ya kuutambua uonevu na kukabiliana nao. Nyongeza hiyo naiona kuwa muhimu kuliko kichujio chenyewe, maana kichujio hakiwezi kumzuia mwanafunzi kumdhalilisha mwenzake kwenye kundi la darasa lililoruhusiwa kabisa.

Kichujio pia hukosea. Hufunga ukurasa wa baiolojia kuhusu uzazi kwa sababu ya neno moja. Hapo kinachotakiwa ni kumpa mwalimu au msimamizi wa mtandao anwani ya ukurasa ili aufungue. Njia ya mkato ya kutumia VPN ya bure, yaani programu ya kukwepa kichujio, ina gharama isiyoonekana: mawasiliano yako yote yanapitia kwenye seva ya mtu usiyemjua, ambaye hujui anayafanyia nini.

Uwajibikaji huu hauko upande wa mwanafunzi peke yake. Mwaka 2010, wilaya moja ya shule katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani ilishtakiwa baada ya kubainika kwamba programu ya kutafuta kompyuta zilizopotea ilikuwa ikipiga picha kupitia kamera za kompyuta walizopewa wanafunzi, hata wakiwa nyumbani, bila wao kujua. Kesi ziliisha kwa wilaya kukubali kulipa zaidi ya dola 600,000. Mwaka 2021, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilieleza, katika maoni yake ya jumla namba 25, kwamba haki za mtoto, faragha ikiwemo, zinamfuata katika mazingira ya kidijitali. Sera ya shule isiyosema ni taarifa gani zinakusanywa, nani anaziona na zinafutwa lini, haijakamilika, na mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini.

Kuhusu picha, kanuni ni fupi: usimpige mwenzako picha wala kumrekodi kwa kifaa cha shule bila ridhaa yake, na usisambaze uliyotumiwa. Kufuta baadaye hakurudishi nakala zilizokwisha kwenda kwenye simu za wengine.

Akili mnemba (AI), yaani zana zinazojibu maswali na kuandika zenyewe, imeleta swali jipya kwenye sera hizi. Mwongozo wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2023 ulipendekeza mtoto asitumie zana hizo peke yake kabla ya kufikisha miaka 13. Kwa walioruhusiwa, mpaka hutegemea kazi na mwalimu: kuomba ufafanuzi wa kanuni ya fizikia usiyoielewa ni kujifunza, ila kukusanya insha iliyoandikwa na mashine kwa jina lako ni udanganyifu, sawa na kunakili ya mwenzako. Zana hizi pia zinaweza kutaja vitabu na makala zisizokuwepo, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Kila chanzo zinachokitaja kitafutwe kwanza, na kisipopatikana kiondolewe.

Utunzaji wa kifaa hauhitaji maelezo marefu. Kinywaji kikae mbali na kibodi, chaja isivutwe kwa waya, na flashi ya kuokota isichomekwe popote, kwa kuwa ni moja ya njia za zamani za kueneza virusi.

Makosa bado yatatokea. Mwanafunzi anabofya linki ya ujumbe unaodai akaunti yake inafungwa, anaandika nenosiri, kisha anashtuka. Afanye nini? Abadilishe nenosiri hilo mara moja, pamoja na popote pengine alipolitumia, na amwambie mwalimu au fundi wa kompyuta siku hiyohiyo. Akificha, mwizi anapata muda wa kutuma ujumbe uleule kwa darasa zima kwa jina lake. Shule inayomwadhibu vikali anayetoa taarifa mapema inawafundisha wengine wote kunyamaza, na mimi nahesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko la kubofya.

Mwisho wa masomo nao una utaratibu wake. Akaunti ya shule hufungwa baada ya mwanafunzi kuondoka, hivyo kazi zake azihamishie mapema mahali pake mwenyewe. Kabla ya kurudisha kifaa, atoke kwenye akaunti zote binafsi alizoingia, aondoe picha zake, na aripoti ubovu wowote, ili atakayekipokea asije kudaiwa kioo alichokikuta kimepasuka.