Kabla hujauandika mfuko wa wakfu wa chuo kwenye wosia wako

Mfuko wa wakfu wa chuo hauliwi mtaji. Fedha huwekezwa, na kila mwaka chuo huchota kidogo, mara nyingi asilimia 4 hadi 5 ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka 3 iliyopita. Wastani huo ndio unaomwezesha mwanafunzi kuendelea kulipiwa ada hata soko la hisa linapoanguka. Ukitaka kumsomesha mwanafunzi mmoja kila mwaka, jumlisha ada, malazi na vitabu vyake, kisha zidisha mara 25: hicho ndicho kiasi cha mtaji kinachohitajika kwa uchotaji wa asilimia 4. Ikiwa bei hupanda kwa asilimia 5 na uendeshaji hugharimu asilimia 1, basi pamoja na asilimia 4 ya uchotaji, uwekezaji unapaswa kuzalisha takriban asilimia 10 ili mfuko usidhoofike.

Wachache wana kiasi hicho mkononi. Wengi zaidi wanacho katika mali watakayoiacha, na ndiyo maana wosia ndio njia inayofaa watu wengi.

Tatizo huwa kwenye maneno. "Naacha fedha kwa chuo nilichosoma" ni sentensi inayozaa kesi: chuo kipi, fedha kiasi gani, za kufanyia nini? Kifungu salama hutaja jina la chuo kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, sehemu ya mali, na neno "wakfu", kwa mfano: "Asilimia 10 ya salio la mali yangu, baada ya madeni na gharama za mirathi kulipwa, iingie mfuko wa wakfu wa chuo hicho, mtaji usitumike, mapato yake yalipie ada za wanafunzi wahitaji." Bila maneno "mtaji usitumike", chuo kinaweza kuzimaliza fedha hizo kwa mwaka mmoja, na hakitakuwa kimevunja sharti lolote.

Asilimia ni bora kuliko kiasi maalumu. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 kiasi ulichokiandika kitanunua nusu tu ya kile kinachonunua leo. Tena, kwa kawaida kiasi maalumu hulipwa kabla ya salio kugawanywa, kwa hiyo mali ikipungua, watoto wako ndio wanaobeba pengo. John Harvard, aliyefariki mwaka 1638, aliachia chuo ambacho leo kinaitwa Harvard nusu ya mali yake pamoja na vitabu takriban 400. Hesabu ya namna hiyo hupanda na kushuka pamoja na mali yenyewe. Kwa Mwislamu, wosia hauzidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, ila warithi wakiridhia.

Sharti likibana mno, nalo huua mfuko. Ukisema fedha ni za wanafunzi wa kozi moja tu, kozi hiyo ikifutwa fedha hukwama. Ongeza sentensi moja inayoiruhusu bodi ya wadhamini kuhamishia mapato kwenye kusudi la karibu zaidi.

Bima ya maisha ni rahisi zaidi: unakiandika chuo kuwa mnufaika kwenye fomu ya kampuni ya bima. Kwa kawaida fomu hiyo huushinda wosia, kwa hiyo ukibadilisha wosia, fomu ya zamani bado inafanya kazi. Michango ya bima ikikatika, chuo kinaweza kukosa kila kitu.

Nyumba na viwanja vinahitaji uangalifu mkubwa. Unaweza kukipa chuo nyumba leo na kubaki na haki ya kuishi humo hadi kufa, lakini hati iseme waziwazi nani atalipa kodi ya ardhi, matengenezo na bima. Chuo makini kitakagua hatimiliki, rehani na jina la mwenza kabla ya kukubali, na kina haki ya kukataa.

Kabla ya kusaini, peleka rasimu ya kifungu kwa wakili wako na kwa ofisi ya chuo inayopokea michango. Ukishasaini mbele ya mashahidi, mwambie msimamizi wa mirathi nakala halisi iko wapi.