Ukishapasuliwa mara moja, lazima upasuliwe tena?

Wengi huamini kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi tena kuzaa kwa njia ya kawaida. Hofu hiyo ina msingi: kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu. Lakini kwa aliyepasuliwa mara moja, kwa mkato wa kulala (wa mlalo) kwenye sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, kovu kuachia humpata takriban mama 1 kati ya 200, na wengi wanaojaribu hufanikiwa.

Kovu la ngozini halionyeshi mfuko ulivyokatwa. Omba karatasi zako za hospitali, soma aina ya mkato na sababu yake, uende nazo kliniki mapema. Uchungu usubiriwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, si nyumbani. Upasuaji wa kupanga nao ni chaguo halali, ingawa kila unaporudiwa, hatari ya kondo la nyuma kunasa kovuni huongezeka.