Hiyo Mnayoiita Viza ya Vipaji

Hapa Kigoma mtu akishapanda ndege kwenda Marekani, habari zake zikifika Ujiji tayari ana viza ya vipaji. Mpiga gitaa aliyealikwa kwenye tamasha la wiki mbili, viza ya vipaji. Kijana aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, viza ya vipaji. Juzi nimesikia hata familia ya Wakongo iliyoondoka kambi ya Nyarugusu kwa mpango wa wakimbizi ikitiwa humo humo, eti kwa kuwa baba yao alikuwa fundi cherehani hodari. Mimi nina steshenari Mwanga. Watu wanaingia na kitambulisho cha NIDA na picha mbili za pasipoti, wanataka niwajazie "ile ya vipaji" kama ninavyowajazia fomu ya mkopo wa chuo. Basi tuelewane.

Maana yenyewe ni fupi. Baadhi ya nchi zimeweka kwenye sheria zao nafasi ya mgeni aliyefika kileleni mwa fani yake kuomba kuhamia huko, mara nyingi bila kutafutiwa kwanza mwajiri. Marekani nafasi hiyo inaitwa EB-1A, na ni kwa watu wenye uwezo usio wa kawaida katika sayansi, sanaa, elimu, biashara au michezo. Uingereza wana Global Talent, iliyoanza Februari 2020 ikirithi ile ya mwaka 2011. Australia wana yao, namba 858, ambayo mwishoni mwa 2024 ilibadilishwa jina na masharti. Ndiyo hiyo. Mkimbizi wa Nyarugusu hayumo, kwa sababu yeye huhamishwa kwa ajili ya usalama wake, wala hakuna anayemuuliza anashona vizuri kiasi gani.

Bahati nasibu nayo haimo, ingawa hapa naelewa watu wanavyochanganyikiwa. Vyote viwili vilizaliwa na sheria moja, Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 aliyoisaini Rais George H. W. Bush mwezi Novemba. Ukurasa mmoja ukawapa nafasi waliobobea, ukurasa mwingine ukatenga viza, hadi 55,000 kwa mwaka, kwa ajili ya nchi ambazo watu wake wachache wamehamia huko. Washindi wa hizi za bahati nasibu huchaguliwa na kompyuta, na sharti lake la elimu ni kumaliza sekondari au kuwa na miaka miwili ya kazi yenye ujuzi. Ukitaka kuona kwamba ni vitu viwili, kumbuka yaliyotupata mwaka 2020. Tarehe 31 Januari Rais Trump alitoa tamko lililotufungia Watanzania bahati nasibu, sisi na Wasudani, na hatukufunguliwa mpaka Biden alipoapishwa Januari 2021. Karibu mwaka mzima Mtanzania hakuweza kupata viza ya bahati nasibu, lakini tamko hilo halikugusa EB-1A hata kidogo. Matamko ya namna hiyo huja na kuondoka, kwa hiyo yeyote anayetaka kuomba lolote aangalie kwanza lililopo sasa hivi, asitegemee alichosimuliwa na shemeji yake.

Sasa tuje kwenye kinachonikera hasa.

Wamarekani wenyewe wameibandika EB-1, kundi ambamo EB-1A imo, jina la utani, viza ya Einstein. Jina limetufikia kupitia YouTube na limeharibu kuliko lilivyosaidia. Anayelisikia anadhani pale ubalozini kuna mtu anapima akili. Wengine wanaamini kabisa kwamba Einstein aliingia Marekani kwa viza hiyo. Albert Einstein alitua huko Oktoba 1933, akiikimbia Ujerumani ya Hitler, miaka 57 kabla sheria hiyo haijatungwa. Alikuwa tayari na Nobel ya fizikia ya mwaka 1921, tayari ni mtu ambaye mwandishi wa habari yeyote angemtambua kwa nywele tu. Na pamoja na yote hayo aliingia kwa viza ya mgeni wa muda. Alipoamua kubaki moja kwa moja, haikutosha kusema "mimi ni Einstein." Ilibidi atoke nje ya nchi aombe upya, safari hii kama mhamiaji. Mei 1935 akasafiri kwa meli mpaka kisiwa cha Bermuda, akaomba kwa konsuli wa Marekani aliyekuwa huko, kisha akarudi akiwa mkaazi wa kudumu. Uraia aliupata mwaka 1940.

Mtazame vizuri. Ni mtu yule yule, na akili ile ile, lakini mwaka 1934 alikuwa mgeni wa muda, 1936 mkaazi wa kudumu, 1941 raia. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake na maombi yake. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, na ndipo mazungumzo yetu ya vijiweni yanapopotea.

Maana ile sheria ya 1990 ilizaa kitu kingine tena, viza ya O-1. Maneno yanayoieleza yanafanana sana na ya EB-1A, nayo inataka mtu mwenye uwezo usio wa kawaida. Ila O-1 ni ya muda. Unapewa hadi miaka mitatu kwa kuanzia, kisha unaongezewa mwaka mwaka kadiri kazi inavyohitaji, na huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima mwajiri au wakala aliyeko Marekani akuombee kwa kazi maalumu. EB-1A unaweza kuiomba mwenyewe, kwa jina lako, kwa fomu inayoitwa I-140, na mwisho wake ni grinikadi. Msanii aliyepata O-1 kwa ajili ya ziara ya maonyesho hajahama. Ana kibali cha kazi, tena kizuri, lakini mkataba ukiisha na hakuna mwingine, anarudi. Anaruhusiwa akiwa huko kuandaa maombi ya EB-1A, na wapo wanaofanya hivyo. Hayo ni maombi mengine, na kuwa na O-1 hakuwi hakikisho kwamba yatapita.

(Grinikadi yenyewe, nikiwa nimeitaja, kwa miongo mingi haikuwa hata ya kijani. Ilikuwa kijani miaka ya 1950, ikabadilishwa rangi mwaka 1964, na kijani hakikurudi mpaka 2010. Jina halikuondoka muda wote huo.)

Jambo linalowauma watu nikiwaeleza ni kwamba afisa anayesoma maombi hayo hajawahi kukuona ukifanya kazi na hatakuona. Yeye ana faili. Nenda Kibirizi asubuhi ukawatazame mafundi wa boti za mbao. Fundi haangalii mchoro wowote. Anaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaukataa. Anaugonga wa pili, anauchukua. Kwenye maungio anatia kalafati ya pamba taratibu kwa nyundo na patasi butu, na boti hiyo itabeba abiria, magunia na mbuzi kwenye mawimbi ya Tanganyika. Uwezo wake si wa kawaida, mimi nitaapa mbele ya yeyote. Lakini hakuna gazeti lililomwandika, hakuna tuzo ya taifa, hakuna chama cha mafundi kilichomchagua, mapato yake hayapo kwenye kumbukumbu yoyote. Faili lake litakuwa na picha na kiapo changu.

Kisha mchukue mtafiti wa samaki wa ziwa hilo hilo, wa mfano tu. Tanganyika ina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine popote duniani, na wapo wanasayansi wa Japani na Ubelgiji waliotumia maisha yao kuwachunguza. Mtafiti wetu ameandika makala ambazo wenzake hao wanazinukuu. Majarida humtumia makala za wengine azikague kabla hazijachapwa. Njia aliyoibuni ya kuhesabu dagaa usiku inatumiwa sasa na nchi jirani, na maprofesa wasiomfahamu kwa sura wako tayari kuandika barua kueleza imebadilisha nini. Huyu anaweza kuwa na kipaji kidogo kuliko fundi wa Kibirizi. Ila kazi yake imeacha alama kwenye karatasi za watu wengine, na hizo ndizo zinazosomwa.

Sheria inalisema hili wazi. Ukiwa na tuzo moja kubwa ya kimataifa, mfano Nobel kama aliyoipata Abdulrazak Gurnah mwaka 2021, hiyo inaweza kukutosha. Usipokuwa nayo, kuna vigezo kumi, na unatakiwa kuthibitisha angalau vitatu. Sitavitaja vyote. Viwili ndivyo vinavyoeleweka vibaya zaidi. Kimoja ni uanachama wa vyama vya kitaaluma: watu wanakimbilia kulipa ada mahali wapewe cheti, wakati kinachotakiwa ni chama kinachokupokea kwa sababu wataalamu wamepima mafanikio yako wakaona yanastahili. Chama kinachompokea yeyote mwenye ada hakikusaidii. Kingine ni kuwa mwamuzi wa kazi za wenzako, kama yule mtafiti anavyokagua makala. Kukaa meza ya majaji kwenye shindano la kusaka vipaji la shule ya kata ni jambo la heshima, ila usilitegemee. Na idadi ya wafuasi wa Instagram haimo kabisa kwenye vile vigezo kumi.

Hata vitatu vikitimia, kazi haijaisha. Tangu kesi ya Kazarian iliyoamuliwa na mahakama ya rufani mwaka 2010, afisa hupima kwa hatua mbili: kwanza anahesabu vigezo, halafu anatazama faili zima na kujiuliza kama kweli mtu huyu ni miongoni mwa wachache sana walio juu kabisa ya fani, na kama sifa hiyo ameidumisha au iling'aa siku moja ikazima. Wengi huangukia hapo. Yule mtafiti wangu huenda akashauriwa aombe EB-2 ya maslahi ya taifa, ambayo haidai uwe kileleni. Inataka elimu ya juu au ubobezi, na hoja nzuri kwamba kazi yako itawafaa Wamarekani kiasi cha kukusamehe sharti la mwajiri.

Muuguzi wa hospitali ya Maweni anayeniuliza kuhusu vipaji nampeleka kwingine kabisa. Njia yake ni EB-3. Anahitaji mwajiri, ndiyo, lakini hahitaji tuzo wala gazeti, na wauguzi wamo kwenye orodha ya kazi ambazo Wizara ya Kazi ya Marekani imeshakubali kwamba watu wake hawatoshi. Kuzunguka na cheti cha muuguzi bora wa mwezi akitafuta viza ya Einstein ni kujichelewesha bure.

Uingereza wanapima kwa namna yao. Huko kwa kawaida unapitia kwanza taasisi ya fani yako, kwa mfano Royal Society kwa wanasayansi au Arts Council England kwa wasanii, nayo inatoa kauli kama unastahili. Wanapokea walioshika uongozi wa fani na wale wanaoonyesha kwamba watafika, jambo ambalo EB-1A hailifanyi. Lakini viza ukishaipata bado ina tarehe ya mwisho; ukaazi wa kudumu unauomba baada ya miaka mitatu au mitano, kutegemea fani na kundi lako. Ile viza ya dhahabu ya Dubai, inayosifiwa sana na wafanyabiashara wetu, ni ya miaka mitano au 10 inayohuishwa. Dhahabu ni jina tu.

Pesa nazo tuziseme. Tangu Aprili 2024 ada ya I-140 ni dola 715, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300. Zinalipwa kwa serikali ya Marekani. Wakili akikuandalia faili atadai chake, na ni halali yake. Kishoka anayetaka milioni tano "akuingize kwenye orodha ya vipaji" anakuuzia hewa, maana orodha haipo.

Na hata neno kudumu lina mipaka yake. Mwenye grinikadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuhesabiwa ameuacha ukaazi. Hajawa Mmarekani, pasipoti yake ni ile ile ya Tanzania, mkewe na watoto walio chini ya miaka 21 wasiooa wala kuolewa wanaweza kumfuata, na uraia ataruhusiwa kuuomba kwa kawaida baada ya miaka mitano. Akiuchukua, sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wa hapa ataupoteza. Kuna watu wanakaa na grinikadi miaka 30 kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana O-1, sema amepata kazi Marekani. Akishinda bahati nasibu, sema ameshinda bahati nasibu, wala si aibu. Na akikuambia I-140 yake ya EB-1A imekubaliwa, mpe hongera, ila usimuulize anaondoka lini. Hapo wamekubali tu kwamba anastahili. Viza yenyewe bado hajapewa, na mbele yake kuna ada nyingine, vipimo vya hospitali na mahojiano ya ubalozini.